Jimbo la Australia likikuteua, umepata nini hasa?

Kila Julai, mwaka mpya wa fedha wa Australia unapoanza, ujumbe wa aina moja huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: majimbo ya Australia yanatafuta wahandisi, walimu na wauguzi, viza ni ya kudumu, familia nzima inakwenda, wahi mapema. Chini yake kuna namba ya simu ya mtu anayejiita wakala. Ujumbe huo si uongo mtupu, na hapo ndipo unapowanasa watu. Majimbo huteua watu kweli, viza yenyewe ni ya kudumu kweli, na mke au mume na watoto huingia kwenye ombi moja. Kinachopotoshwa ni namna mambo yanavyokwenda, kana kwamba kuna viti vimepangwa mahali fulani na anayewahi kulipa ndiye anayekaa.

Tuanze na majina. Mkaazi wa kudumu ni mgeni aliyeruhusiwa kuishi, kufanya kazi na kusoma nchini bila kikomo cha miaka, lakini si raia: hana pasipoti ya nchi hiyo na hapigi kura za kitaifa. Mhamiaji mwenye ujuzi ni yule anayeingia kwa sababu ya taaluma yake. Huyu hapiti kwa njia ya ndoa, ukimbizi wala masomo. Na uteuzi wa jimbo ni kauli ya serikali ya jimbo kwamba mtu fulani, mwenye taaluma fulani, anafaa kuja kuishi kwao.

Kwa wenye ujuzi wasio na mwajiri wa kuwadhamini kuna viza tatu zinazotajwa sana kwa namba zake. 189 ni ya kudumu na haihitaji jimbo lolote. 190 ni ya kudumu na lazima uteuliwe na jimbo. 491 ni ya muda wa miaka mitano, nayo huhitaji uteuzi wa jimbo au udhamini wa ndugu anayeishi huko, na inakutaka ukae nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Makala hii inahusu zaidi 190, kwa sababu ndiyo inayochanganya watu kuliko zote.

Kinachochanganya ni mazoea yetu ya kusema "Australia imenikubali" au "Australia imenikataa". Katika safari hii hakuna Australia moja. Kuna waamuzi wanne, na kila mmoja anaulizwa swali lake.

Nani anaamua nini

Australia ni nchi ya shirikisho. Ina majimbo sita, yaani New South Wales, Victoria, Queensland, South Australia, Western Australia na Tasmania, pamoja na maeneo mawili yenye serikali zake: Northern Territory na lile la mji mkuu, Canberra. Viza hutolewa na serikali kuu peke yake. Jimbo halina muhuri wa viza.

Jimbo lina nini basi? Anayeishi Tanzania anaijua barua ya mtendaji wa mtaa, na wa Kenya anaijua ya chifu. Ukienda kuomba kitambulisho cha taifa, barua ile inasema: huyu tunamfahamu, ni wa kwetu. Bila barua faili haliendi mbele, lakini mtendaji hatoi kitambulisho, na ofisi inayokitoa inaweza kukukatalia hata kama barua yako haina dosari. Uteuzi wa jimbo ni barua ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba mtendaji huyu amegawiwa idadi ya barua za kuandika kwa mwaka mzima, na zikiisha kabla ya Juni, wewe unasubiri mwaka wa fedha unaofuata.

Idadi hiyo ndiyo chanzo cha tarakimu zinazozagaa. Kwa mwaka wa fedha 2024–25 serikali kuu ilipanga nafasi 185,000 za ukaazi wa kudumu. Kati ya hizo, 132,200 zilikuwa za upande wa ujuzi, na 33,000 zikatengwa kwa viza 190. Mawakala wanaipenda sana hiyo 33,000. Wasichokisema ni kwamba nafasi hizo zinahesabu vichwa vyote, mke au mume na watoto wakiwemo, kwa hiyo barua zinazogawiwa majimbo ni chache zaidi. Mwaka huo New South Wales ilipewa 3,000 za 190. Queensland ilipewa 600. Na Queensland ni jimbo kubwa kuliko Tanzania na Kenya zikiunganishwa.

Mwamuzi wa kwanza, hata kabla ya jimbo, ni chombo cha taaluma yako. Kila taaluma ina chake: wahandisi wanakwenda Engineers Australia, wa kompyuta ACS, walimu AITSL, wauguzi ANMAC, na taaluma nyingi za ofisini VETASSESS. Swali lake ni moja: je, unachodai kuwa, ndicho ulicho kwa vipimo vya Australia? Hapa ndipo Waafrika Mashariki wengi wanapokwama, na hapa ndipo pa kuweka muda.

Chukua mhandisi wa ujenzi aliyesoma Dar es Salaam. Kuna mkataba wa kimataifa, unaoitwa Washington Accord, ambao nchi wanachama wanatambuliana shahada za uhandisi. Afrika Kusini imo. Tanzania na Kenya hazimo. Kwa hiyo mhandisi wetu hawezi kupeleka cheti na matokeo tu. Anatakiwa kuandika ripoti yenye simulizi tatu za kazi alizofanya, kila moja kuanzia maneno 1,000 mpaka 2,500. Ugumu wake si Kiingereza. Ripoti za kazi kwetu huandikwa kwa nafsi ya wingi: timu ilipima udongo, mkandarasi alimwaga zege, tulifikia uamuzi. Engineers Australia wanataka kusoma "mimi". Mimi nilikokotoa mzigo wa nguzo, mimi nilipendekeza kubadili kina cha msingi, na sababu zangu zilikuwa hizi. Mtu aliyesimamia daraja zima kwa miaka mitatu anaweza kukataliwa kwa sababu kwenye karatasi haonekani alipo. Na anayenunua simulizi zilizoandikwa tayari mtandaoni anajichongea: zinapitishwa kwenye programu za kukagua kunakili, na nyingi zimeshauzwa kwa wengine kabla yake.

Walimu nao wana kisiki chao. Aliyesoma nje ya nchi chache za Kiingereza anatakiwa na AITSL kupata 8 katika kuzungumza na kusikiliza kwenye IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na 7 katika kusoma na kuandika. Kwa hiyo mwalimu wa Fizikia mwenye 7.5 kila upande, ambaye kwa hesabu za viza Kiingereza chake ni kizuri, anaishia mlangoni kwa chombo chake mwenyewe.

Kisha kuna ushahidi wa kazi. Barua ya mwajiri itaje majukumu, saa na tarehe, na nyuma yake kuwe na kitu cha mtu wa tatu: hati za mshahara, taarifa ya benki, michango ya NSSF, fomu ya kodi ya P9 kwa Wakenya. Fundi au mtaalamu aliyelipwa taslimu au kwa simu kwa miaka mitano, bila mkataba, anaweza kuwa hodari kuliko wote kwenye foleni na bado miaka yake ikahesabiwa sifuri. Chombo pia kinaweza kukata miaka. ACS kwa kawaida hukata miwili au zaidi, kikisema hiyo ndiyo iliyokufikisha kwenye kiwango, na hesabu inaanzia hapo.

Alama 65 zinakufikisha wapi

Chombo kikishakukubali, unajaza tamko la nia kwenye mfumo wa serikali kuu unaoitwa SkillSelect. Kulijaza ni bure, na linakaa miaka miwili. Si ombi la viza. Ni kujitangaza tu: umri wangu huu, taaluma hii, alama hizi, ningependa kuteuliwa na jimbo hili.

Alama zinakwenda hivi. Umri wa miaka 25 mpaka 32 ni alama 30. 33 mpaka 39 ni 25. 40 mpaka 44 ni 15. Ukifika 45 kabla ya kualikwa kuomba viza, mlango umefungwa. Shahada ya kwanza au ya uzamili ni 15, ya uzamivu 20. Kazi nje ya Australia ndani ya miaka kumi iliyopita: miaka mitatu au minne ni 5, mitano mpaka saba ni 10, minane na kuendelea ni 15. Kiingereza cha 6 kila upande wa IELTS ni sharti la kuingia na hakina alama. 7 kila upande ni 10, na 8 kila upande ni 20. Asiye na ndoa wala mwenzi anapata 10. Mwenye mwenzi aliyefikia 6 za IELTS anapata 5, na kama mwenzi naye ana taaluma iliyothibitishwa na umri unaokubalika, 10.

Mhandisi wetu ana miaka 32, shahada, miaka sita ya kazi iliyokubaliwa, IELTS 7, na mke aliyefaulu kwa 6. Anapata 30, 15, 10, 10 na 5: jumla 70. Jimbo likimteua kwa 190 anaongezewa 5, zinakuwa 75. Kwa 491 angeongezewa 15. Kima cha chini cha kisheria ni 65, kwa hiyo karatasi inasema amevuka. Siku anayotimiza miaka 33, mfumo wenyewe unampunguzia tano bila kumuuliza.

Watu wengi huona 65 kama alama ya kufaulu. Sivyo. Ni alama ya kuruhusiwa kupanga foleni. Waliomo kwenye foleni wanashindanishwa, na jimbo likiwa na waombaji wengi wa taaluma moja huwachukua wa juu. Wahasibu na watu wa kompyuta wanalijua hili kwa uchungu, maana taaluma zao zimejaa. Mwalimu wa chekechea au muuguzi anaweza kuitwa kwa alama ambazo mhasibu angecheka nazo.

Kuna alama tano ambazo Waswahili hatuzitaji sana, nami nashangaa kwa nini. Shirika la NAATI, linalosimamia ukalimani Australia, lina mtihani wa lugha za jamii, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Unasikiliza mazungumzo mawili kati ya msemaji wa Kiingereza na wa Kiswahili, kila moja kama maneno 300, na unakalimani kwa mdomo huku na huku. Alama ni 90; unahitaji 63, na si chini ya 29 katika kila mazungumzo. Hufanyika mtandaoni. Usiuendee kichwa mchunga, hata hivyo: mada ni bima, hospitali, mahakama, mikopo ya nyumba, ustawi wa watoto. Sheng haitakusaidia kusema "dhamana" au "rufaa", na wengi wetu tuliosoma kwa Kiingereza tunajikuta hatuna Kiswahili cha benki.

Jimbo linauliza nini

Mwamuzi wa pili ni jimbo, na swali lake ni la ubinafsi kabisa: utatufaa nini sisi? Kila jimbo lina orodha yake ya taaluma, hubadilika mwaka hadi mwaka, na kila moja lina mtindo wake. Victoria inataka ujisajili pia kwenye mfumo wake. New South Wales huchagua yenyewe kutoka SkillSelect. Huiombi 190 mpaka ikualike, na ikikualika una siku 14 tu za kupeleka ombi la uteuzi. Canberra ina jedwali lake la alama linalopima jinsi ulivyokwishajifunga na mji huo, kwa kazi, masomo au ndugu. Baadhi ya majimbo hutoza ada, mengine hayatozi.

Hapa pana jambo ambalo aliye Afrika anapaswa kuambiwa bila kubembelezwa. Majimbo mengi hutanguliza watu ambao tayari wanaishi na kufanya kazi humo. Aliye nje ya Australia hajafungiwa, lakini mwaka hadi mwaka milango yake ni michache, na kwa taaluma nyingine haipo kabisa. Kabla ya kulipia mtihani wa kwanza wa Kiingereza, fungua kurasa rasmi za majimbo na maeneo yote manane na utafute sentensi inayohusu waombaji walio nje ya nchi. Ni kazi ya jioni moja, nayo inaweza kukuokolea mamilioni ya shilingi.

Jimbo likikuteua, mwaliko wa serikali kuu huingia kwenye SkillSelect, na unapewa siku 60 kuomba viza. Alama na umri wako huangaliwa kama vilivyokuwa siku ya mwaliko, kwa hiyo ukitimiza miaka 45 wiki inayofuata haidhuru.

Wa tatu na wa nne wote wako serikali kuu. Mmoja ni ofisa wa uhamiaji anayekagua kila alama uliyodai. Mwingine ni daktari wa serikali hiyo, anayepitia vipimo vya afya vyako na vya familia. Ofisa ndiye wa kuogopwa. Ukidai miaka minane ya kazi na yeye akakuta inayothibitika ni saba, alama zinashuka kutoka 15 hadi 10. Zikiwa chini ya zile ulizoalikiwa nazo, viza inakataliwa na ada hairudi. Hakuna kusema "basi nipunguzie tu." Na hati ya kughushi ni kosa la ngazi nyingine: adhabu yake ni miaka mitatu ya kutopewa viza nyingi za nchi hiyo, na huwagusa hata wanafamilia waliomo kwenye ombi.

Ada ya mwombaji mkuu inakaribia dola 5,000 za Australia na hupanda karibu kila Julai. Mwenzi hulipiwa karibu nusu yake, mtoto karibu robo. Mwenzi aliyetimiza miaka 18 asiyeweza kuonyesha Kiingereza cha msingi hutozwa nyongeza inayokaribia 5,000 nyingine, na hii ndiyo gharama inayozishtua familia, kwa sababu huombwa mwishoni, wakati kila mtu ameshaaga. Kumpeleka mwenzi kwenye IELTS mapema ni rahisi kuliko kulipa.

Yanayosemwa mitaani

Husemwa kwamba jimbo likikuteua linakupa kazi. Halikupi kazi, nyumba wala nauli. Majimbo mengine huuliza kabisa una akiba kiasi gani ya kujikimu. Wala kuthibitishwa kwa taaluma si leseni: muuguzi bado anahitaji usajili wa AHPRA, mamlaka inayosajili wahudumu wa afya, kabla ya kugusa mgonjwa, na kwa aliyesomea kwetu njia hiyo kwa kawaida ina mitihani yake.

Husemwa pia kwamba ukihama jimbo utafukuzwa nchini. Kwa 190, unaahidi kukaa kwenye jimbo lililokuteua kwa miaka miwili, lakini ahadi hiyo haijaandikwa kama sharti kwenye viza. Wapo wanaoitumia nafasi hiyo siku ya kwanza uwanja wa ndege. Mimi naona ni utovu wa adabu, na kila anayefanya hivyo anawapa majimbo sababu ya kuzidi kuwapenda walioko tayari huko. Kwa 491 hali ni tofauti: kuishi na kufanya kazi maeneo yaliyotajwa ni sharti la kisheria, na ukilivunja unahatarisha viza yenyewe pamoja na ile ya kudumu, 191, unayoweza kuiomba baada ya miaka mitatu. Perth, Adelaide, Gold Coast na Canberra zote zinahesabika humo, kwa hiyo si lazima uende kuishi jangwani.

Na husemwa wakala ana "nafasi za jimbo". Hana. Hakuna mtu wa nje mwenye barua hizo mfukoni. Wakala halali wa uhamiaji nchini Australia ana namba ya usajili ya tarakimu saba, na unaweza kuitafuta mwenyewe kwenye orodha ya wazi ya OMARA, mamlaka inayosajili mawakala hao. Wanasheria wa huko nao wanaruhusiwa. Anayekutoza fedha za "kukuingizia" tamko la nia anakuuzia kitu cha bure. Anayekuahidi mwaliko anakuahidi uamuzi usio wake.

Ukishapata viza utakuwa na tarehe ya mwisho ya kuingia kwa mara ya kwanza, na mara nyingi hiyo hufuata umri wa vipimo vya daktari na vyeti vya polisi. Cheti cha polisi huhitajika kutoka kila nchi uliyoishi miezi 12 au zaidi katika miaka kumi iliyopita, kwa hiyo aliyefanya kazi Muscat au Doha aanze kukifuatilia kabla ya mwaliko, maana siku 60 huisha haraka. Ukifika, Medicare, yaani mfumo wa serikali wa kulipia matibabu, inakupokea, lakini malipo mengi ya ustawi yana kusubiri mpaka miaka minne kwa wageni wapya. Ruhusa ya kutoka na kurudi ni ya miaka mitano. Ikiisha ukiwa bado mkaazi na si raia, unaomba viza ya kurejea kabla ya kwenda nyumbani kusalimia. Uraia huombwa baada ya miaka minne ya kuishi kihalali, na walau miezi 12 ya mwisho iwe ya ukaazi wa kudumu.